Verna na Wahitimu Wanaopumzika

Ukihitimu Chuo cha Brandvold halafu ukajifanya umepotea, jua Verna Tollefson atakutafuta. Atakupigia wewe, atampigia mama yako, atampigia bibi yako aliyeko nyumba ya wazee kule Duluth, na bibi akishapata mtu wa kuongea naye hataiachia simu mpaka aeleze mjukuu anaishi wapi, na nani, na kwa nini yeye bibi hajamkubali huyo nani. Mwaka mmoja alimpata kijana kwenye meli ya kuvua kaa huko Alaska. Mwingine alipokea simu akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, hawezi kutamka neno. Verna akamwambia, "Guna mara moja kama una kazi, mara mbili kama unasoma." Akaguna mara mbili, tukamwandika.

Mimi nimekaa meza inayotazamana na yake kwa miaka mingi, kwenye ofisi ya wahitimu, chini kabisa ya jengo la zamani la muziki, ambako bomba la joto hugonga kutwa kama mtu aliyefungiwa ukutani. Kazi yetu ukiisikia utadhani ni ndogo. Kuanzia mahafali ya Mei hadi Desemba tunatakiwa kujua kila aliyehitimu yuko wapi: ana kazi, anaongeza masomo, yuko jeshini, au hana mbele wala nyuma. Hayo yakishajulikana, inatoka namba moja. Hiyo ndiyo namba ambayo vijana wetu wanaowatembeza wageni huitangaza wakitembea kinyumenyume mbele ya wazazi, na ndiyo mzazi anayorudi nayo kichwani hadi Iowa, akiwaza kama binti yake aje kwetu au aende kwa majirani zetu. Chuo kidogo kama chetu kinaishi kwa wazazi wa namna hiyo.

Verna hakuingia Brandvold kwa shahada. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji wetu wa Haldis, akaajiriwa hapa akiwa msichana kuunganisha simu za chuo, enzi ambazo ukimtaka profesa ilibidi upite kwanza kwa Verna. Mitambo ilipobadilika na chuo kikawa hakihitaji tena mtu wa kuunganisha simu, mkuu wa wakati huo aliona haya kumfukuza, akamleta huku chini kwetu. Sauti yake ndiyo iliyomponya. Ni sauti nzito kidogo, haina haraka, na ukiisikia unahisi mtu amekuvutia kiti ukae.

Aliolewa na Lyle, dereva wa gari la wilaya la kusukuma theluji, mwanamume ambaye umuulize habari ya afya, ya mavuno, ya vita au ya ndoa, jibu lake ni lile lile, "Si mbaya." Walitafuta mtoto kwa muda mrefu hadi wakaacha hata kuitaja habari hiyo, ndipo akaja Espen. Na chuo chetu kina desturi moja inayotubakiza hapa wengi wetu, licha ya mishahara yake ya kusikitisha: mtoto wa mfanyakazi akikubaliwa, anasoma bure. Benki ya mjini ilimtaka Verna mara mbili, akakataa mara zote mbili. Alikuwa anamngojea Espen akue.

Espen alikubaliwa kwa alama zake mwenyewe. Siku barua ilipokuja Verna alituletea lefse, chapati laini za viazi za Kinorwei, za kutosha ofisi nzima, zenye siagi na sukari, akawa anawapa hata wale aliokuwa amenuniana nao. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba kijana amechagua kusoma Kilatini. Tulikuwa kwenye kahawa ya baada ya ibada, Lyle kashika kikombe chake.

"Kilatini," alisema. "Sasa atazungumza na nani?"

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia Lyle akitamka mbele za watu.

Sasa nieleze ile namba inavyopatikana, maana bila hilo hutanielewa. Hesabu yetu ina pande mbili. Wenye kazi au masomo wako upande huu, wanaotafuta na hawajapata wako upande ule. Lakini lipo kundi la tatu, la wasiotafuta: aliyejifungua, anayemuuguza baba yake, anayezunguka dunia na begi mgongoni. Hao hawahesabiwi kabisa, wanawekwa kando kana kwamba hawakuhitimu mwaka huo. Si uongo, wala mimi sina ugomvi na hilo. Kosa liliingilia kwenye namna ya kuuliza.

Verna hakupenda kumsikia kijana akikiri kwa aibu kwamba hana kazi. Ilimuuma. Kwa hiyo alijitungia swali lake mwenyewe, na kwa sauti ile aliliuliza hivi: "Unatafuta kazi, mpenzi, au umeamua kujipumzisha kwanza?" Hebu fikiri wewe ndiye kijana huyo. Umekataliwa kila ulikobisha, umerudi kulala kwenye kitanda ulichokilalia ukiwa na miaka kumi, halafu mama mmoja mpole anakupigia na kukupa neno zuri namna hiyo. Nani angelikataa? "Ndiyo, najipumzisha." Naye Verna humjibu, "Vizuri, pumzika mpenzi, umestahili," simu inakatwa, na kijana ametoka kwenye hesabu. Hakuna bosi aliyeliagiza swali hilo. Lilitokana na huruma tupu, likaenea, tukawafundisha na wanafunzi wanaotusaidia kupiga simu kila vuli. Namba ikawa inapanda mwaka hadi mwaka, na huko juu hakuna aliyejiuliza kwa nini watoto wa Brandvold wanachoka hivyo.

Espen mwenyewe aliwahi kukaa nasi vuli moja akipiga simu hizo. Alikuwa mzuri sana, ana sauti ya mama yake.

Alihitimu Mei. Verna alilia waziwazi kwenye nyasi, Lyle akasema si mbaya. Juni ikapita, Julai ikapita, majani yakaanza kubadilika rangi, na watu wakaanza kuuliza kama watu wanavyouliza: Espen yuko wapi siku hizi? "Anajipumzisha kidogo kabla ya kuendelea na shahada ya juu," Verna alimjibu mchungaji. Alimjibu hivyo hivyo muuza nyama. Akanijibu hivyo na mimi, ila mimi alinijibu akiwa anatazama kompyuta.

Ukweli nilikuja kuupata Novemba, msimu wa kuwinda kulungu. Lyle alikwenda msituni na kaka zake, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto Espen hakwenda nao. Verna aliingia ofisini asubuhi akaketi na koti lake mwilini.

"Paulette, yule mtoto haongei," alisema.

"Haongei vipi?"

"Anashuka kwenye chumba chake kule chini, anajifungia. Namwekea sahani juu ya ngazi. Nikija baadaye naikuta tupu, imeoshwa. Imeoshwa, shoga! Anaosha sahani ili tusikutane jikoni."

"Umemuuliza ana nini?"

"Nimuulize nini? Nikifungua mdomo tu, 'Niko sawa, Mama.' Mlango huo, paa." Alivua glavu moja akaivaa tena. "Mimi ninayewatoa watu Alaska. Wangu yuko chini ya miguu yangu na simpati."

Akaendelea, polepole.

"Usiku nateremka kutazama kama kuna mwanga chini ya mlango. Nikiuona narudi kulala. Naogopa, Paulette. Kuna watu wanakwenda huko anakokwenda na hawarudi."

Halafu akavua koti, akavuta simu, akaanza kazi. Ndivyo tulivyo huku. Tunasema jambo la kutisha mara moja, kisha tunauliza kama kuna kahawa.

Mwaka huo ndio tuliopata makamu mpya wa mkuu wa chuo anayeshughulikia udahili, Bradford Keene, aliyetoka pwani ya mashariki na viatu visivyofaa theluji. Nilitaka sana kumchukia mtu huyu. Lakini siku gari langu liliponasa aliteremka kwenye lake akasukuma, suruali yake nzuri ikaharibika, nikakosa sababu. Mzigo wake ulikuwa mzito. Maombi ya kujiunga yalikuwa yanapungua kila mwaka, na hata tuliowakubali walikuwa wanakwenda kwingine. Akaangalia huku na huku aone chuo kina nini cha kujivunia, akaiona namba yetu. Tisini na tano katika kila mia wameshafika mahali! Akachapisha mabango makubwa ya kitambaa kwa ajili ya siku ya wageni ya Februari, na tisini na tano hiyo ikaandikwa kwa tarakimu ndefu kuliko mtu.

Kufikia wiki ya kwanza ya Desemba tulikuwa tumesimama hapo hapo kwenye tisini na tano, hatuna hata nafasi ya kujikuna. Wahitimu wote waliopatikana walishaingizwa. Alikuwa amebaki mmoja, na kwa udogo wa chuo chetu mmoja huyo akiangukia upande wa wasiopata, namba inashuka na mabango yanakuwa ya uongo. Jina lake lilikuwa Espen Tollefson. Kila mtu alikuwa analizunguka jina hilo. Wanafunzi waliruka mstari wake, mimi niliuruka, na Verna alikuwa anapanga upya kalamu zake.

Keene akaja Alhamisi moja mchana, theluji kwenye viatu vile vile.

"Akina mama wa simu, hamjambo?"

"Hatujambo, bosi," Verna alijibu.

"Naambiwa kabaki mmoja."

"Mmoja."

"Na ni huyu wa kwako." Alilisema kwa upole, hilo nampa. "Sasa Verna, huyu hata simu ya nini? Wewe ni mama yake. Anapumzika, si ndiyo? Umetuambia mwenyewe. Jaza hapo, tufunge, nikawape bodi habari njema."

Verna alisogeza kalamu moja.

"Au kama hulipendi hilo, andika anamsaidia baba yake kusukuma theluji. Nayo ni kazi."

"Lile ni gari la wilaya," nikadakia. "Espen akionekana ndani yake, Lyle anamwaga unga."

"Natania tu, Paulette. Mbona mkali hivyo?"

"Bwana Keene," Verna alisema, "hapa hahesabiwi mtu ambaye hajaulizwa mwenyewe. Sheria hiyo niliiweka mimi, tangu yule mzee wa Fargo alipotuambia mwanawe ni wakili, kumbe kijana yuko rumande anatafutiwa wakili."

Keene akacheka. "Haya, muulize basi. Nitapita saa nane."

Akapanda ngazi akatuacha na bomba letu. Verna aliketi mikono mapajani. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba wanawake wawili walikuwa wanagombana ndani yake, mmoja anataka kuandika "anapumzika" na kwenda kula supu, na mwingine simfahamu vizuri.

"Kufikia saa nane siwezi kwenda nyumbani na kurudi," alisema. "Na hata nikiwa nyumbani hatanifungulia."

"Basi mpigie."

"Nimpigie mwanangu? Aliye nyumbani kwangu?"

"Wengine wote si wamepigiwa?"

"Na asipopokea?"

"Tutampigia bibi yake, kama kawaida."

"Bibi yake ni mama mkwe wangu," Verna alisema. "Heri tusimpate." Akacheka bila kupenda, na katika kucheka huko mkono ukaenda kwenye simu.

Sisi simu zetu tunaziweka spika, kwa sababu vidole vinatakiwa kwenye kibodi. Nilisimama nitoke, akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikakaa. Simu ikaita mara mbili tu.

"Habari za mchana, Espen Tollefson anaongea." Sauti ilikuwa changamfu, imenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Tulitazamana. Hiyo haikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Namba za ofisi yetu huonekana kama namba yoyote ya mkoa huu, na ni wazi kijana alikuwa amedhani anapigiwa na mtu mwingine, mtu aliyekuwa anamngoja.

"Habari, Espen," Verna alisema. "Naitwa Verna, napiga kutoka ofisi ya wahitimu ya Brandvold."

"Mama?"

"Nina maswali machache, mpenzi. Hayatachukua muda."

"Mama, niko hapa nyumbani. Si ungengoja urudi?"

"Nikirudi hunifungulii."

Bomba likagonga.

"Haya," Espen alisema. Lile shati lilikuwa limeshavuliwa. "Uliza."

"Somo lako kuu?"

"Unalijua."

"Natakiwa kuuliza."

"Kilatini."

"Anwani ya sasa?"

"Chini ya jiko lako."

Verna aliandika mtaa na namba ya nyumba yake mwenyewe, mdomo umebanwa, na sikujua kama anataka kucheka au kulia.

"Umeajiriwa?"

"Hapana."

"Unasoma popote?"

"Hapana."

Ndipo likaja lile swali. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka, na sauti ile ile ya kuvutia mtu kiti.

"Na je, unatafuta kazi, mpenzi, au umeamua kujipumzisha kwanza?"

Espen alishusha pumzi. "Andika napumzika."

Mkono wa Verna ulikwenda kwenye kibodi. Niliuona. Kubonyeza mara moja tu, na mabango yangebaki ya kweli, na mchungaji na muuza nyama wangekuwa wameambiwa kweli, na sote tungekwenda kula. Mkono ukasimama juu ya herufi, hauendi wala haurudi.

"Ushaandika?" Espen aliuliza.

"Bado."

"Mama, mimi nilikaa hapo. Vuli nzima nimewauliza watu hilo swali. Ukiwauliza hivyo wanakushukuru, wengine mpaka wanakubariki." Alikohoa. "Sikujua lilivyo mpaka nilipoulizwa mimi."

"Sasa nikuulizeje?"

"Niulize nusu."

Verna aliitoa mikono kwenye kibodi, akaishika simu kwa mikono yote miwili ingawa ilikuwa spika na haikuwa na haja ya kushikwa.

"Espen," alisema. "Unatafuta kazi?"

"Ndiyo." Sauti ilikwaruza. "Natafuta. Natafuta tangu kabla ya mahafali, Mama. Makumbusho, maktaba, mashule, bima, kile kiwanda cha madirisha. Huo mwanga unaokuja kuuchungulia chini ya mlango, nakuwa naandika barua za maombi. Kuna watu wamenisaili mara tatu wakanyamaza kimya. Kiwandani wamesema nimesoma mno, makumbusho wamesema sijasoma vya kutosha."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulishamwambia mchungaji kwamba napumzika. Nilikusikia, nilikuwa kwenye ngazi. Nikaona basi, kama hilo ndilo unaloweza kuwaambia watu, acha nipumzike."

Verna alijiziba mdomo. Neno lile lilimchoma, na lilinichoma hata mimi niliyekuwa nimekaa tu.

"Nisamehe," alisema mwishoni. "Niliona aibu. Si kwa ajili yako. Sijui kwa ajili ya nani."

"Haya, Mama. Endelea. Limebaki moja."

Kweli lilikuwa limebaki moja. Ukiandika kwamba mhitimu anatafuta, kompyuta inakufungulia swali jingine ambalo kwa wengine halifunguki. Verna alilisoma kwenye kioo, neno kwa neno, kama mtu asiyewahi kuliona.

"Je, ungependa ofisi yetu ikusaidie?"

"Ningependa," kijana alisema, kisha tukamsikia analia, kilio kile cha mwanamume anayejaribu kukimeza kikagoma. "Ningependa sana. Nisaidie, Mama."

Hapo nilitoka. Nilikwenda kusimama kwenye korido kusoma matangazo ya tamasha la Krismasi, ambayo nilikuwa nayajua kwa moyo, na kupitia mlangoni niliwasikia wakiongea, mara wote kwa pamoja, mara mmoja mmoja. Niliporudi Verna alikuwa anafuta miwani kwa pindo la sweta. Macho yalikuwa mekundu na uso ulikuwa wa msichana.

"Kasema atakula nasi leo mezani," alisema. "Nimemwambia asioshe kitu."

"Alhamdulillahi," nilitaka kusema, neno la rafiki yangu mmoja Msomali wa mjini ambalo nimelizoea, maana la kwetu la kutosha sikulipata. Badala yake nilimmiminia kahawa.

Aliishika bila kuinywa. Alikuwa anakitazama kioo.

"Paulette, hilo swali la mwisho. Tuliowaandika wanapumzika hawajawahi kuulizwa."

"Kwao halifunguki."

"Najua halifunguki. Ndiyo ninayokuambia. Miaka yote hii najiona nawahurumia. Nawapa neno zuri, wananishukuru, halafu nakata simu." Aliweka kikombe chini. "Ni wangapi walikuwa kama Espen?"

Nilitaka kumliwaza, kumwambia alifanya kwa nia njema, na ni kweli alifanya kwa nia njema. Lakini nilikuwa na hasira na sisi sote, naye hakuwa mtu wa kudanganywa, na wengi wa wale vijana niliwapigia mimi kwa mdomo wangu. Nikarudi kwenye meza yangu.

Saa nane Keene akashuka, anasugua mikono.

"Haya, akina mama, tumefunga?"

"Mwanangu anatafuta kazi," Verna alisema.

Keene si mjinga, hesabu aliimaliza akiwa bado amesimama mlangoni. "Verna, unajua hapo tumefika wapi."

"Najua."

"Mabango yameshachapwa."

"Najua, bosi."

"Lakini si uliniambia anapumzika?"

"Nilikuambia. Niliwaambia watu wote." Verna alivaa miwani yake ili amwone vizuri. "Yule mtoto hajapumzika hata siku moja tangu Mei, Bwana Keene. Sisi ndio tuliokuwa tunapumzika."

Keene alikuja akaketi kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho tangu aje hakuwahi kukikalia. Alijipangusa uso kwa kiganja. Nilikuwa nimemwandalia jibu kali, endapo angeanza habari za bodi, na nakiri nilikuwa na hamu ya kulitoa. Hakunipa nafasi.

"Na hao wengine wanaopumzika?" aliuliza. "Ni wa kweli?"

"Baadhi."

"Tukiwauliza upya, itashuka mpaka wapi?"

"Sijui," Verna alisema. "Ndiyo naanza."

Alivuta simu, akaiweka spika, akapiga. Ilikuwa inaita kwa binti mmoja wa Sioux Falls, mhitimu wa kemia, ambaye Agosti alikuwa amemshukuru Verna mara mbili. Ikaita, ikaita, ikapokewa.

"Habari, mpenzi," Verna alisema. "Ni Verna tena, wa Brandvold. Samahani, mara ile nilikuuliza vibaya."